Kuchonga kofia ya vita ya Watlingit: anza na ukosi

Anayejifunza kuchonga kofia ya vita ya Watlingit, wenyeji wa pwani ya kusini-mashariki ya Alaska, huukimbilia uso uliochongwa juu yake. Nami nilifanya hivyo, nikapata kofia ya kupendeza isiyovalika. Kofia hii hukaa utosini, ilhali uso wa mpiganaji hukingwa na ukosi wa mbao unaopanda mpaka usawa wa macho, kwa hiyo vipimo vyote hutoka kwenye ukosi.

Hatua ya kwanza: chagua ubao mwembamba usio na fundo, uweke kwenye mvuke mpaka ulegee, kisha ukunje taratibu uwe duara na ushone ncha zake. Ukikataa kupinda usiulazimishe, urudishe kwenye mvuke. Kata mapengo mawili ya macho kwenye ukingo wa juu, na ndani ufunge kitanzi cha ngozi ambacho mvaaji hukiuma ili ukosi usicheze. Kijaribu mwenyewe: ukigeuza kichwa, ukosi ugeuke nawe. (Kuongea, bila shaka, sahau.)

Hatua ya pili: tafuta nundu ya mti, kwa kuwa nyuzi zake zimesokotana na hazipasuki kirahisi zikipigwa rungu. Komba ndani kwa patasi mpaka kofia ikae juu ya ukosi na kuacha mwanya wa kuonea, ukiacha kuta nene. Ndipo uchonge uso. Mafundi wa zamani waliongeza shaba kwenye macho na nyusi, hata nywele. Chonga uso wa mtu wa kawaida tu, kwani nembo kama kunguru ni mali ya ukoo: kofia ya kunguru ya K'alyaan, aliyepigana na Warusi huko Sitka mwaka 1804, ni ya ukoo wa Wakiks.ádi, na kuinakili bila idhini yao ni kuchukua kisicho chako.

Hatua ya tatu: deraya. Panga fito bapa za mbao ngumu wima, uzisuke pamoja kwa uzi wa kano, ukipitisha nyuzi mbili zinazopishana mbele na nyuma ya kila ufito. Chini yake huvaliwa ngozi nene. Baranov, mkuu wa kampuni ya biashara ya Kirusi huko Alaska, aliyeshambuliwa na Watlingit usiku mwaka 1792, alieleza kwamba risasi za watu wake hazikupenya vazi hilo. Kwapani tumia fito nyembamba za mviringo, la sivyo mvaaji hataweza kuinua mkono wenye jambia.