Kukata picha ya kuprinti: anza na karatasi

Niliwahi kumkabidhi mteja picha ya ukoo ya inchi 8 kwa 10. Akaiangalia, akaniuliza, "Shangazi mbona nusu?" Kamera yangu inapiga kwa uwiano (upande mrefu kwa mfupi) wa 3:2, karatasi ile ni 5:4, nami niliiachia mashine ijaze karatasi yenyewe. Siku hizi nakata mwenyewe, kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure.

1. Uliza saizi ya karatasi. Picha ya 3:2 inaingia kwenye 4 kwa 6 bila kupungua. Za simu nyingi ni 4:3, kwa hiyo hapo upande mfupi unapoteza sehemu moja ya tisa. Ukiipeleka ile ya 3:2 kwenye 8 kwa 10, unatupa moja ya sita ya upande mrefu.

2. Fanyia kazi nakala, faili la mwanzo liache. Kama picha ilikuja kwa WhatsApp, omba itumwe tena kama dokumenti. Ikitumwa kawaida hupunguzwa.

3. Inyooshe kwanza: mstari wa bahari, ukuta, nguzo ya mlango. Ukizungusha picha pembe zinaliwa, na ukiwa umeshakata huna pa kufidia.

4. Bonyeza Shift+C upate zana ya kukata, funga uwiano kwenye mipangilio ya zana, andika 4:5 kwa picha ya wima au 5:4 kwa ya mlalo, kisha buruta.

5. Sasa tulia. Sogeza kisanduku taratibu, ukitazama kingo zake zaidi ya katikati. Usikate mtu kwenye kiungo: kiwiko, goti, kifundo. Kata katikati ya paja, ataonekana kasimama. Kata gotini, ataonekana kakatwa mguu. Bibi harusi anayetazama kushoto mwachie nafasi kushoto, la sivyo ataonekana anatazama ukuta. Na wale wapiga picha wanaoacha nusu ya picha iwe turubai juu ya vichwa vya watu, sijui huwa wanamtunzia nani.

6. Hesabu pikseli (nukta zinazounda picha) zilizobaki kila upande, gawanya kwa 300, upate inchi. 8 kwa 10 inataka 2400 kwa 3000. Zikishuka chini ya 200 kwa inchi, mimi namshauri mteja achukue karatasi ndogo.

7. Acha upenyo wa nusu sentimita kila upande, maana fremu nayo inafunika.

Ikiwa watu wamejaa mpaka ukingoni, usikate kabisa. Picha ya 3:2 ikiwekwa nzima kwenye 8 kwa 10 inabakiza ukanda mweupe wa sentimita 1.7 juu na chini. Ndivyo nilivyoirudia ile ya ukoo, kwa gharama yangu, na shangazi akatokea mzima na mkoba wake.