Biti ya beringi mbili kwa shingo ya udi
Mafundi wenzangu wa udi na gitaa, kwa kazi ya ruta (mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka) na patani, yaani kigezo cha umbo ambacho beringi hufuata ukingo wake, chukueni biti iliyonyooka yenye beringi juu na chini. Kata kwanza kwa msumeno, ubakishe milimita 1 au 2 nje ya mstari. Kwenye mkunjo, nyuzi za mbao zinapogeuka, usilazimishe: pindua kazi pamoja na patani yake, rekebisha kimo cha biti hadi beringi ya pili iguse patani, uteremke na nyuzi. Ukienda kinyume, makali huzinyanyua na kuzing'oa. Juzi hapa Ng'ambo mkangazi umeninyofoka kibanzi kikubwa kama kucha ya dole gumba, shingo ilikuwa karibu kwisha! Kona kali ya ndani biti haiiwezi: biti ya milimita 12 huacha mviringo wa nusukipenyo milimita 6. Hapo ni patasi.