SOMO: Usukani unatetemeka au unakugomea ukiwa safarini? Kabla hujamlipa fundi, soma hapa

Wakuu, salaam.

Nilipolitoa gari langu bandarini, wiki ya kwanza nilikaa nalo mjini na halikuwa na neno. Wiki ya pili nikaelekea Morogoro. Nimeshapita Kibaha, mwendo 80, usukani ukaanza kutetemeka mikononi kama simu iliyozimwa sauti. Unatetemeka, unaacha. Unatetemeka, unaacha. Niliporudi Dar nikafanya balansi ya matairi. Wapi! Nikafanya alaimenti. Nikabadilisha tairodi endi mbili, vile viungo vya usukani kwenye magurudumu ya mbele, ambazo leo najua hazikuwa na kosa lolote. Fundi wa tatu ndiye aliyekaa kiti cha abiria, tukaenda naye mpaka Mlandizi, macho yake yakiwa kwenye dashibodi muda wote. Akacheka. "Mzee, gari lako zima kabisa. Linakwambia umekanyaga mstari."

Somo hili limenigharimu, kwa hiyo lisomeni bure.

Haya mambo, yaani mifumo ya kamera inayolinda mistari ya barabara (lane assist), yatazidi, hayatapungua. Subaru waliingiza EyeSight sokoni Japani mwaka 2008, Toyota wakaleta Safety Sense mwaka 2015, na Mazda, Nissan na Honda nao wana za kwao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na sisi huku Tanzania tunazidi kuagiza ya miaka hiyohiyo. Kwa maneno mengine, mengi ya magari tunayoyanunua leo yana jicho, yaani kamera, nyuma ya kioo cha mbele, na jicho hilo limezoea mistari ya barabara za Japani.

HATUA YA 1: Jua ni nani anayekugomea

Watu husema "lane assist" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitatu, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni mpiga kelele. Kazi yake ni kukuonya tu: mlio, taa ya njano, au mtetemo kama wa kwangu. Haugusi mwelekeo wa gari. Kwenye Toyota utakuta herufi LDA, ingawa kwenye baadhi ya Toyota LDA husukuma pia.

Cha pili ni msukumaji. Ukikaribia mstari bila indiketa, mota ya usukani wa umeme inakurudisha kidogo. Huyu ndiye anayewatisha watu, maana ghafla unahisi kuna mkono mwingine kwenye usukani. Kwenye magari ambayo usukani wake ni wa haidroliki hakuna mota ya kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mengine huishia kupiga kelele tu, na mengine hubana breki za upande mmoja ili gari lirudi.

Cha tatu ni mshikaji. Anafanya kazi pamoja na kruzi kontroo (ile inayoshika mwendo yenyewe), anakuweka katikati ya njia muda wote. Toyota wanamwita LTA. Ukitaka kutembea ukiwa umeegemea kushoto kidogo kwa sababu lori linalokuja limejaa mpaka katikati, yeye anakurudisha katikati. Kila mara.

Wote watatu wanaangalia mistari. Shimo hawalioni. Mama aliyebeba kuni pembeni hawamhesabu kuwa sababu ya wewe kusogea. Ukikwepa shimo bila indiketa, kwa akili yao umesinzia.

Na kwa nini mjini hausikii kitu? Kwa sababu haviamki mpaka mwendo fulani. Toyota nyingi za mwanzo ni kuanzia kama 50, Mazda karibu 60, EyeSight ya toleo la tatu msukumaji wake huanza karibu 65. Ndiyo maana gari linakuwa na adabu Kariakoo halafu linaanza vituko ukishapita Kibaha.

HATUA YA 2: Pima kama tatizo ni gari au ni kamera

Fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, kisicho na magari, asubuhi. Tembea mwendo wa 80 mfumo ukiwa umewashwa, kisha uzime, rudia palepale. Usiachie usukani, legeza tu mikono.

Mvuto ukiisha ulipozima, aliyekuwa anavuta ni mfumo. Ukibaki palepale, hapo ndipo alaimenti, upepo wa matairi na breki inayong'ang'ania vinapohusika. Kumbuka pia kwamba barabara nyingi zimeinamishwa kuelekea pembeni ili maji ya mvua yashuke, kwa hiyo gari kusogea kushoto polepole sio ugonjwa. Mimi ningelifanya jaribio hili siku ya kwanza, tairodi endi zangu za zamani zingekuwepo mpaka leo.

HATUA YA 3: Tafuta kitufe sahihi

Hapa wengi wanakosea, naomba mtulie.

Kuna kitufe chenye picha ya gari na alama mbili za nyoka nyuma yake, kama limeteleza kwenye tope. HICHO SICHO. Hicho ni cha kuzuia matairi kuteleza, na ukikishikilia muda mrefu unaweza kuzima mpaka breki za dharura. Kitufe cha mistari kina picha ya gari au usukani katikati ya mistari miwili iliyonyooka. Toyota nyingi huwa kwenye usukani wenyewe, nyingine kwenye dashibodi. Mazda huwa kwenye dashibodi karibu na goti la dereva. Subaru wana viwili: cha kusukuma kiko kwenye usukani, na cha kelele kiko juu, karibu na taa ya ndani, unakishikilia kama sekunde 2 mpaka taa ya njano iwake.

HATUA YA 4: Usizime. Punguza kwanza

Ingia kwenye menyu ya skrini ndogo ya dashibodi. Imeandikwa Kijapani, najua. Chukua simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera, au tafuta kwa macho alama hizi: 設定 ni mipangilio, 車線 ni njia ya gari, 警報 ni onyo, 感度 ni wepesi wa kuhisi, 振動 ni mtetemo, ブザー ni mlio. Kwenye 感度 utakuta 高, yaani juu, na 標準, yaani kawaida. Langu lilikuwa kwenye 高. Aliyelimiliki kule alikuwa mtu mwangalifu sana, au alikuwa msinziaji. Nilishusha mpaka 標準, nikaondoa mtetemo nikabakiza mlio, na nusu ya ugomvi ikaisha siku hiyo.

HATUA YA 5: Safisha jicho

Futa kioo mbele ya kamera, nje na ndani. Ondoa stika, tasbihi, rozari na kifaa cha kurekodi barabara kama vimekaa mbele yake. Ile tinti ya ukanda wa juu ikishuka mpaka kwenye kamera, ikatwe.

HATUA YA 6: Indiketa

Sitasema mengi. Ukiwasha indiketa, mpiga kelele na msukumaji wanakaa kimya. Malalamiko mengi ninayoyasikia yangeisha hapa, na wenye malalamiko hawapendi kuambiwa.

HATUA YA 7: Jua pa kuzima kabisa

Mimi nazima sehemu nne. Barabara inayojengwa, pale mistari ya zamani imefutwa nusu na mipya imechorwa juu yake, kamera inachagua mmoja tu na mara nyingi sio wako. Barabara iliyozibwa nyufa kwa lami nyeusi, kwa sababu mvua ikinyesha usiku zile ziba zinang'aa kama mistari. Kipande chenye mashimo mengi. Na jioni ukitoka Dar kuelekea magharibi, jua likiwa usoni, maana hata wewe huoni vizuri, sembuse kamera.

Ninapouacha mfumo uwake ni usiku, safari ndefu, lami nzuri, mistari inaonekana. Baada ya saa nane za kuendesha, ule mlio mmoja umeshaniamsha mara mbili. Sijauchukia tena.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dodoma: Mkuu, lori lilinirushia jiwe, nikabadilisha kioo cha mbele. Tangu siku hiyo taa ya njano haizimiki, na siku nyingine gari linanivuta kulia kabisa nikiwa katikati. Fundi kioo anasema litazoea.

Jibu: Halitazoea, ndugu yangu. Kamera imeshikizwa kwenye kioo chenyewe, na ukibadilisha kioo umebadilisha mahali inapotazama. Piga hesabu: ikipinda nyuzi 1 tu, kwenye umbali wa mita 50 mbele kosa linafika karibu sm 87. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa ndani ya njia yako na kuwa kwenye njia ya basi linalokuja. Inatakiwa kupangwa upya kwa kompyuta. Magari mengi huhitaji bango maalumu lenye michoro, linalowekwa mbele ya gari kwa umbali uliopimwa, juu ya sakafu iliyo sawa. Mengine hupangwa kwa kuendeshwa kwenye barabara yenye mistari safi huku kompyuta imechomekwa. Ukimpigia fundi, muulize swali moja: gari kama langu unalipanga kwa bango au kwa kuliendesha? Akiuliza "bango gani?", mshukuru ukate simu. Na kioo chenyewe kiwe cha gari lenye kamera. Kile cha toleo lisilo na kamera huwa hakina mahali pa kuishikiza, halafu watu wanabandika kwa gundi. Mpaka ipangwe, zima msukumaji na uendeshe ukijua kwamba breki za dharura zinazotumia jicho hilohilo nazo huwezi kuzitegemea.

Mdau wa Nakuru: Boss, mimi shida yangu ni hii barabara ya kwenda Naivasha. Nikiovateki trela, naweka indiketa vizuri, naenda. Wakati wa kurudi kwa laini yangu, gari inakataa kurudi. Karibu nigongane uso kwa uso.

Jibu: Pole sana. Ulipotoka uliweka indiketa, je, ulipokuwa unarudi? Wengi tunaweka ya kulia, inajizima yenyewe, tunarudi kimya. Kamera inaona unavuka mstari upande wa kushoto bila taarifa. Weka ya kushoto. Na usiogope: nguvu ya ile mota ni ndogo kwa makusudi, mkono mmoja unaishinda. Kinachotokea ni kwamba dereva akishtuka analegeza, na ndiyo hatari yenyewe. Kaza mkono, rudi.

Dada wa Antwerp: Kaka, mimi nina gari jipya kabisa huku Ubelgiji. Kila nikilizima hilo dubwana, asubuhi nalikuta limewaka tena. Nimelirudisha kwa muuzaji mara mbili anasema ni kawaida.

Jibu: Dada, safari hii muuzaji anasema kweli. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Tangu Julai 2022 aina mpya za magari, na tangu Julai 2024 kila gari dogo jipya linalouzwa huko, lazima liwe na mfumo huo na lazima uwake upya kila unapowasha gari. Hata kuuzima kumewekewa hatua zaidi ya moja ili mtu asiuzime kwa bahati mbaya. Tafuta njia ya mkato: Renault, kwa mfano, wana kitufe unachobonyeza mara mbili kikaleta mipangilio uliyojiwekea. Magari mengine yanakuruhusu kuweka mkato kwenye usukani. Kuuzima milele usahau.

Mdau wa Mwanza: Gari langu linaniandikia nishike usukani wakati nimeushika! Jamaa kaniambia nifunge chupa ya maji upande mmoja, linanyamaza.

Jibu: Kwenye magari mengi gari halijui kama mkono upo, linapima kama kuna nguvu inayosokota usukani. Ukishika kwa utulivu katikati, linaona hakuna mtu. Weka uzito wa mkono mmoja upande mmoja, kidogo tu, litanyamaza. Chupa mpelekee huyo jamaa akanywe maji.

Mdau wa Tanga: Nimenyanyua gari kwa spesa kwa ajili ya barabara za kijijini. Ina uhusiano?

Jibu: Ina. Kamera ilipangwa ikijua iko kimo gani na imeinama kiasi gani. Kama umenyanyua mbele kuliko nyuma, sasa inatazama juu. Hapo taa zako za mbele nazo zinawapiga wenzako machoni, kama hawajakuambia.

Mdau wa Moshi: Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nikiwasha gari kuna dada wa Kijapani anasema "ITC kaado" na maneno mengine. Ndiye huyo anayelinda mistari?

Jibu: Hapana. Huyo ni wa kisanduku cha kulipia ushuru wa barabara za Japani, anasema kadi ya ETC haijachomekwa. Huwa kimefichwa chini ya dashibodi upande wa kulia au ndani ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Chomoa waya wake, atanyamaza. Wa kwangu nimemwacha, watoto wameshazoea kumwitikia.