Somo: Kabla hujabonyeza "Kubali zote" (jinsi ya kuzuia tovuti na programu zisikufuate)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita mama mdogo aliniomba nimtafutie bei ya cherehani ya ovaloki. Nikaingia duka moja la mtandaoni, nikaangalia mbili tatu, nikamtumia picha, nikafunga. Wiki tatu nzima cherehani hazikuniacha. Nafungua matokeo ya mpira, cherehani. Nasoma habari za bei ya pamba, cherehani. Mama mdogo mwenyewe alishajinunulia ya mtumba siku ya pili yake, lakini huko mtandaoni mimi bado ni fundi nguo mtarajiwa.

Kazi yangu ni fundi simu, nina kibanda Mwanza. Simu nyingi ninazoletewa kwa malalamiko kwamba "ina virusi" hazina kirusi chochote. Zina ruhusa. Mwenyewe alibonyeza "Kubali" na "Ruhusu" mara chungu nzima bila kusoma, na mbele ya kampuni, hiyo ndiyo inayoitwa ridhaa yake. Leo tunazifuata ruhusa hizo moja moja na kuzirudisha. Nafundishia Android na Chrome kwa sababu ndizo zinazokuja kibandani. Majina ya menyu yanapishana kidogo kati ya Tecno, Samsung na nyingine, msitishike.

Kidakuzi ni nini hasa

Ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti inaliacha kwenye kivinjari chako ili ukirudi ikutambue. Alikibuni Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, mwaka 1994. Bila hicho duka la mtandaoni lingesahau kikapu chako kila unapofungua ukurasa mwingine. Mpaka hapo hakina ubaya, ni kama kibati cha namba unachopewa ukiacha mzigo mlangoni mwa supamaketi.

Tabu inaanzia kwa vidakuzi vya washirika wengine. Ile tovuti ya mpira imekodisha nafasi zake za matangazo kwa kampuni fulani. Kampuni hiyo hiyo ina mkono wake kwenye duka la cherehani, kwenye tovuti ya habari na kwenye ile unayosomea dalili za ugonjwa saa nane za usiku. Yaani mlinzi ni mmoja kwa maduka yote ya mtaa, na kila mlango unaoingia anasoma kibati kile kile na kuandika daftarini. Jina lako huenda halijui. Ila anajua una mama anayeshona, timu yako imefungwa, na tumbo linakusumbua.

Hatua ya 1: Bango

Juzi nilifungua tovuti ya habari ya Ulaya mbele ya mteja. Bango la kuomba ruhusa ya vidakuzi likapanda hadi nusu ya skrini. Kitufe kinene cha bluu: Kubali zote. Chini yake maandishi ya kijivu, hata hayafanani na kitufe: Dhibiti chaguo. Tukabonyeza ya kijivu. Ikafunguka orodha ya "washirika" zaidi ya 700. Mteja akaniuliza, "Hawa wote wanataka kujua nasoma nini?" Ndiyo. Swichi zao zilikuwa zimezimwa, akafurahi, akataka kuhifadhi. Nikamwambia subiri, bonyeza hapo pembeni palipoandikwa "Maslahi halali", yaani pale kampuni inapodai ina sababu halali ya kutumia data zako bila kukuomba ridhaa. Huko swichi zote zilikuwa zimewashwa tayari.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Kwa hiyo: tafuta "Kataa zote" kwanza. Isipokuwepo, ingia kwenye chaguo, pitia kurasa zote mbili, zima, ndipo uhifadhi.

Wenzetu wa Ulaya wameligombania hili mpaka mahakamani. Oktoba 2019 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilisema, katika kesi ya kampuni ya Ujerumani iitwayo Planet49, kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ridhaa. Januari 2022 wasimamizi wa faragha wa Ufaransa, CNIL, wakatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook. Kosa? Kukubali ulibonyeza mara moja, kukataa ukabonyeza mara kadhaa. Basi.

Tovuti zetu nyingi hazina hata bango. Vidakuzi vinaingia kimya kimya, ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Funga mlango kwenye kivinjari chenyewe

Chrome: nukta tatu juu kulia, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Vidakuzi vya washirika wengine, kisha chagua kuvizuia. Safari, kivinjari cha iPhone, kinavizuia chenyewe tangu 2020, na kivinjari cha Firefox tangu 2022 kinaitengea kila tovuti chungu chake ili visichanganyike. Google nao waliahidi kwa miaka kuviondoa kwenye Chrome, mwaka 2024 wakaghairi. Ni kampuni inayokula kwa matangazo, sikushangaa.

Hatua ya 3: Futa vya zamani

Chrome: Mipangilio, Faragha na usalama, Futa data ya kuvinjari. Kabla hujagusa hapo hakikisha unajua maneno yako ya siri, kwa sababu utatolewa kwenye akaunti zilizo ndani ya kivinjari hicho. Niliwahi kumfutia mteja bila kumuuliza, kumbe neno la siri la barua pepe yake alilisahau miaka mingi. Sikulipwa, na alikuwa na haki.

Hatua ya 4: Arifa

Yale maandishi yanayoruka juu ya skrini, "Simu yako ina virusi 13, safisha sasa", mara nyingi ni tovuti uliyoibonyezea "Ruhusu" ukidhani unafungua video. Chrome, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Zima usizozitambua. Nusu ya "virusi" ninavyoletewa vinaishia hapa, na nikisema ukweli huwa naona aya kuchaji hela.

Hatua ya 5: Ruhusa za programu (hapa tukae kidogo)

Kidakuzi kinajua ulichosoma. Programu yenye ruhusa inajua unaowapigia.

Jirani yangu alikopa 50,000 kwenye programu ya mkopo aliyoipata kwa kiungo cha WhatsApp. Wakati wa kuipakia ilimuomba Anwani, yaani namba zote alizosevu, na SMS, na picha. Alikuwa na shida ya ada, akaruhusu zote. Alipochelewa siku mbili, mimi, shemeji yake, mwalimu wa mtoto na fundi bomba wote tulipata ujumbe kwamba fulani ni tapeli, tumwambie alipe. Fundi bomba alikuja kwake mara moja tu, kuziba koki.

Tangu 31 Mei 2023 Google hawaruhusu programu za mikopo binafsi kwenye Play Store kusoma anwani wala picha. Ndiyo sababu hizi za kausha damu zinapenda kukujia kwa kiungo, nje ya duka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali. Itafute kabla ya kukopa.

Sasa kazi: Mipangilio ya simu, Faragha, Kidhibiti cha ruhusa. Usianze na programu, anza na ruhusa. Fungua Anwani uone nani wamo. Tochi inataka majina ya nini? Kikokotoo je? Kisha SMS, na hii msiifanyie mzaha: anayesoma SMS zako anasoma meseji za miamala, anajua kilichoingia, kilichotoka na salio. Kisha Mahali, weka "Wakati wa kutumia programu pekee". Maikrofoni na Kamera vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kitambulisho cha matangazo

Kila Android ina namba ndefu ambayo programu huitumia kukutambua, kidakuzi cha simu nzima ukipenda. Faragha, Matangazo, Futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye iPhone, tangu Aprili 2021 programu lazima ikuulize kabla ya kukufuata kwenye programu za wengine. Ingia Faragha na Usalama, Ufuatiliaji, uzime hata hilo ombi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikikataa vidakuzi vyote tovuti si itagoma?*

Vile vya lazima huwezi kuvikataa kwenye bango, vinabaki, na ndivyo vinavyokuweka ndani ya akaunti. Ukizuia vya washirika wengine, mara chache sana utakuta video au kitufe cha malipo hakifanyi kazi. Iruhusu tovuti hiyo moja.

*Mimi natumia hali fiche (Incognito), si nimeshamaliza?*

Hali fiche inamficha mumeo asione ulichotafuta. Mtandao wa simu na tovuti yenyewe vinakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hili hili, na mwaka 2024 wakakubali kuharibu kumbukumbu walizokusanya za watu waliokuwa wakivinjari humo wakidhani wamejificha.

*Nilikuwa naongea na mke wangu habari ya godoro, hatukutafuta popote, godoro likatokea. Simu inatusikiliza?*

Kuanzia Android 12, maikrofoni ikitumika kinatokea kidoti cha kijani juu ya skrini, kiangalie. Lakini kabla ya kuilaumu simu, muulize shemeji kama hakutafuta yeye. Mkiwa kwenye Wi-Fi moja, kampuni za matangazo zinaweza kuwahesabu kama nyumba moja.

*VPN inasaidia?*

VPN ni programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mahali pengine, kwa hiyo inaficha ulipo. Kidakuzi kinabaki palepale, na ukiingia kwenye akaunti yako umejitaja mwenyewe. Kwa walio Tanzania, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka wanaotumia VPN wazisajili, fahamuni hilo.

*Niko Mombasa. Nimejiandikisha kwa daftari la getini kwenye ofisi moja, jioni askari ananitumia "mambo mrembo". Hii nayo ni data?*

Ni data dada, hata kama imeandikwa kwa kalamu. Namba uliitoa ili uingie jengoni, si ili utongozwe. Kwenu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data inatakiwa kuchunguza na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Hifadhi meseji, piga picha ya skrini yenye tarehe, andikia kwanza wenye jengo. Huku kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko.

*Fundi, cherehani zimekoma?*

Kwenye tovuti za mpira, ndiyo, siku ile ile nilipofuta kitambulisho na vidakuzi. YouTube ziliendelea, kwa sababu huko nimeingia kwa akaunti yangu, na aliyekujua kwa jina hahitaji kibati. Nikaenda myactivity.google.com, nikafuta, nikaweka ijifute yenyewe kila baada ya miezi 3. Sasa naletewa matangazo ya VPN, nadhani ni kwa ajili ya kuandaa somo hili.