Namna ya Kutabiri Majina Kumi ya Kwanza ya Drafti ya NFL

Mnada wa korosho unapokaribia, watu wengi wa Tandahimba huzungumzia korosho zenyewe: zimekaukaje, zimechambuliwaje, zitaingia daraja lipi. Baba yangu mdogo, ambaye amehudhuria minada tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, huuliza maswali mengine kabisa. Huuliza ni wanunuzi gani wameomba safari hii, yupi kati yao bado hajajaza meli, na yupi alinunua nyingi mnada uliopita na sasa hana haraka. Amewahi kushuhudia korosho za daraja moja, kutoka vijiji vinavyopakana, zikiuzwa kwa bei mbili tofauti ndani ya wiki mbili, wala hakushangaa. Mwongozo huu umejengwa juu ya tabia yake hiyo, kwa sababu anayetaka kutabiri machaguo ya mwanzo ya drafti ya futiboli ya Marekani hana budi kumchunguza mnunuzi kwa muda mrefu kuliko anavyomchunguza mchezaji.

Drafti ninayoizungumzia si ile inayochezwa kwa vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni shughuli ya siku tatu, mwishoni mwa Aprili, ambapo timu 32 za ligi ya NFL hugawana wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu kwa raundi saba. Mchezaji hajichagulii timu, na hakuna klabu inayoweza kumrubuni kwa dau kubwa kama Simba na Yanga zinavyonyang'anyana saini. Timu ikiitwa, inataja jina, na mwenye jina huwa mali yao. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, ambayo kwetu Mtwara ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa.

Anza kwa kuandika mpangilio wa timu. Timu 18 zilizokosa hatua ya mtoano hupewa nafasi ya 1 hadi ya 18, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia, na zikilingana kwa ushindi, hutangulia ile ambayo wapinzani wake wa msimu mzima walikuwa dhaifu zaidi. Bingwa huchagua wa 32. Kwa hiyo mapema Januari, michezo ya kawaida ikiisha, karatasi yako inaweza kuwa na majina ya timu kumi za mwanzo, ingawa utapaswa kuikagua tena mara kwa mara kwa sababu nafasi hizo huuzwa na kubadilishwa kama shamba lenye hati.

Swali la kwanza kwa kila timu ni moja tu: je, ina kwotabeki inayemwamini? Huyu ndiye anayeshika mpira katika karibu kila shambulizi na kuamua urushwe wapi, na hakuna nafasi nyingine uwanjani yenye uzito unaokaribia wake. Katika drafti 11 za mwaka 2015 hadi 2025, chaguo la kwanza lilikuwa kwotabeki mara 9. Mara mbili zilizobaki, Myles Garrett mwaka 2017 na Travon Walker mwaka 2022, aliyechaguliwa alikuwa mtu wa safu ya ulinzi ambaye kazi yake ni kumwangusha kwotabeki wa upande wa pili. Ukitazama vizuri utaona kwamba hata hapo fedha ilitumika kwa sababu ya kwotabeki.

Hata hivyo, uhitaji peke yake hautoshi, na hapa ndipo watabiri wengi wapya hujikwaa. Mwaka 2022 zilikuwapo timu zilizohitaji kwotabeki, lakini kundi la mwaka huo lilionekana hafifu. Machaguo matano ya kwanza yote yalikuwa walinzi, yaani watu wa safu ya ulinzi, na kwotabeki wa kwanza, Kenny Pickett, alisubiri hadi nafasi ya 20. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka juu chini. Mwaka 2024 makwotabeki watatu, Caleb Williams, Jayden Daniels na Drake Maye, walichukua nafasi tatu za mwanzo, sita walikwisha ndani ya nafasi 12, na mlinzi wa kwanza, Laiatu Latu, hakuitwa mpaka nafasi ya 15. Aliyenakili muundo wa mwaka 2022 na kuupeleka 2024 alipotea kabisa. Kabla ya kuweka jina lolote, kwa hiyo, hesabu mambo mawili kando kwa kando: timu zenye uhitaji ni ngapi katika kumi za kwanza, na makwotabeki wanaoheshimiwa kweli ni wangapi. Uhitaji ukizidi idadi, tarajia watu kupanda ngazi na timu kulipa kupita kiasi. Idadi ikiwa sifuri, kalamu yako iende kwa walinzi na kwa wale majitu wa mstari wa mbele.

Baada ya kwotabeki, kuna sababu ya kifedha inayopanga nafasi nyingine, na mtu akiielewa hatahitaji kukariri orodha. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji mpya hufuata namba aliyochaguliwa na haujali anacheza wapi. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alisaini mkataba wa dola milioni 78. Mwaka uliofuata Cam Newton, naye chaguo la kwanza, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne. Sasa fikiri kama mhasibu wa timu. Chaguo la tano litakugharimu kiasi kilekile, awe mpokeaji anayedaka mipira inayorushwa, mkingaji wa pembeni wa mstari wa mbele anayemlinda kwotabeki, au mkimbiaji anayebeba mpira. Lakini sokoni, mkingaji huyo akiwa mzoefu analipwa fedha nyingi sana, wakati mkimbiaji mzoefu analipwa pungufu ya hapo. Ukimpata wa kwanza kwa mshahara wa drafti umeokoa mamilioni kwa miaka minne, na kwa mtu wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Ukimpata wa pili hujaokoa cha maana. Ndiyo maana baada ya makwotabeki hufuata wavamizi wa kwotabeki, wakingaji wa pembeni wa mstari, wapokeaji na mabeki wanaowakaba wapokeaji.

Wakimbiaji huingia kwa nadra, ila huingia. Miaka ya 2022 na 2024 hakuna hata mmoja aliyeitwa katika raundi ya kwanza, lakini Bijan Robinson alikwenda Atlanta akiwa wa 8 mwaka 2023 na Ashton Jeanty akaenda Las Vegas akiwa wa 6 mwaka 2025. Mimi huruhusu mkimbiaji mmoja tu katika kumi yangu, tena pale tu wachambuzi wote, hata wale wasiopatana kwa jambo lolote, wanapokubaliana kwamba ni wa pekee.

Uvamizi wa kwotabeki una jambo jingine la kukumbuka: timu hununua mwili kabla ya ujuzi. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda Chuo Kikuu cha Brigham Young, akajaribu mpira wa kikapu na riadha, kisha akaingia katika futiboli akiwa mtu mzima asiyeujua mchezo; mwaka 2013 Detroit walimchagua wa tano. Kwa hiyo usimkate mvamizi kwa sababu takwimu zake za chuo ni chache, ikiwa ni mrefu, mzito na ana kasi isiyolingana na uzito wake.

Swali la pili kwa kila timu ni nani anayeamua, na aliajiriwa lini. Meneja au kocha mpya hafungwi na ahadi za mtangulizi wake. Mwaka 2018 Arizona walimchagua kwotabeki Josh Rosen wa 10, na mtu yeyote angedhani suala hilo limefungwa. Mwaka 2019 wakamwajiri kocha Kliff Kingsbury, ambaye alikuwa amemsifu Kyler Murray hadharani kabla hata ya kupata kazi hiyo, wakamchukua Murray wa kwanza na kumpeleka Rosen Miami. Fanya mazoea ya kuandika pembeni mwa kila timu mwaka alioajiriwa kocha na mwaka alioajiriwa meneja, pamoja na timu walikotoka, kwa kuwa watu hubeba tabia za kule walikolelewa kikazi.

Swali la tatu huja Machi, soko la wachezaji huru linapofunguliwa. Timu iliyomlipa mkingaji wa pembeni mkataba mnono wiki hizo kwa kawaida haitatumia chaguo la juu kwa mtu wa nafasi hiyohiyo, kwa hiyo futa na uandike upya. Nasema kwa kawaida kwa sababu kanuni hii iliniumbua mwaka 2024. Atlanta walikuwa wamemsaini Kirk Cousins mwezi Machi kwa fedha nyingi, nami nikawawekea mvamizi bila kufikiri mara mbili. Wakamchagua kwotabeki mwingine, Michael Penix, katika nafasi ya 8. Tangu hapo natazama umri wa aliyesainiwa, si ukubwa wa mkataba wake tu.

Kuhusu vipimo vya Indianapolis nitasema machache. Kila mwaka, kuelekea Machi, wachezaji hupimwa urefu, mikono, afya na mbio za yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, na mitandao hujaa kelele. Mwaka 2024 Xavier Worthy alikimbia kwa sekunde 4.21, kasi ambayo haikuwahi kurekodiwa hapo, naye akachaguliwa wa 28. Taarifa za madaktari zina uzito kuliko saa ya mbio, ila hizo huvuja kwa uchache, na ukisikia jina linaanza kushuka bila sababu inayosemwa, afya ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Uvumi nao una taratibu zake. Wiki ya drafti mwaka 2023, ujumbe wa mtu asiyejulikana mtandaoni ulidai kwamba Will Levis angekuwa chaguo la kwanza, na viwango vya kamari vikasogea kwa sababu yake. Levis akalala usiku ule bila timu, akaitwa wa 33 siku ya pili. Mwaka 2025 Shedeur Sanders alitajwa kwa miezi kama mtu wa raundi ya kwanza, akaitwa wa 144. Kwa hiyo jiulize kila habari inamnufaisha nani. Timu iliyo katika nafasi ya tatu ikivujisha kwamba inampenda kwotabeki fulani, huenda inatafuta mtu wa kuinunua nafasi hiyo. Taarifa ya mwandishi anayefuatilia timu moja kila siku, kuhusu nani amealikwa makao makuu na nani ametembelewa chuoni na kocha mwenyewe, ni bora kuliko sauti kumi za wachambuzi wa kitaifa.

Kubadilishana nafasi ndiko kunakobomoa karatasi nyingi, na kuna mizani ya kukusaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kocha Jimmy Johnson wa Dallas alianza kutumia jedwali la thamani ambalo bado linatajwa: nafasi ya 1 ni pointi 3,000, ya 2 ni 2,600, ya 3 ni 2,200, ya 5 ni 1,700, ya 9 ni 1,350 na ya 12 ni 1,200. Carolina walipopanda kutoka ya 9 hadi ya 1 mwaka 2023 walikuwa na pengo la pointi 1,650. Walilijaza kwa kuwapa Chicago, wenye nafasi hiyo, chaguo la raundi ya pili, nafasi za miaka miwili iliyofuata, na mpokeaji wao hodari DJ Moore. Nafasi mojawapo kati ya hizo ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza mwaka 2024, Chicago wakaitumia kumchukua Caleb Williams. San Francisco mwaka 2021 walitoka ya 12 hadi ya 3 kwa kutoa, pamoja na mengine, nafasi mbili za raundi ya kwanza za miaka iliyofuata, maana anayemfuata kwotabeki hapimi tena kwa jedwali. Katika karatasi yako weka badiliko moja tu, lile lenye muuzaji mwenye mashimo mengi ya kuziba na mnunuzi mwenye jina moja moyoni. Mwaka 2025 Cleveland na Jacksonville walitimiza sifa hizo, Jacksonville wakapanda kutoka ya 5 hadi ya 2 kumfuata Travis Hunter.

Sasa andika. Chaguo la kwanza kwa kawaida hujulikana mapema, hivyo litie wino. Kisha tafuta kiungo, yaani timu ya kwanza ambayo kweli hujui itafanya nini, na kuanzia hapo andika matawi mawili kwa penseli: ikimchukua fulani, inayofuata itamchukua nani, isipomchukua, mnyororo unavutikaje hadi wa kumi. Chagua tawi moja na ulifuate hadi mwisho bila kuchanganya, hata kama jina unalolipenda limebaki nje. Kwa alama, sisi wachache tunaokesha pamoja hapa Mtwara mjini hutoa tatu kwa jina lililoangukia timu sahihi na moja kwa jina lililoingia kumi popote pale, na mwenye alama chache hununua chai na vitumbua. Karatasi hukunjwa saa nane na nusu usiku, na haifunguliwi mpaka chaguo la kumi litangazwe, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kabla ya adhana ya alfajiri.