Wifi ya Uingereza: ukiacha kulipa haiishi hapo, inageuka deni

Sisi wa Mombasa tushazoea, bando ikiisha intaneti inakufa, ukiwa nazo unalipa inarudi, ukiwa huna unakaa bila na hamdaiani na mtu. Sasa ukifika Uingereza akili hiyo weka kando. Wifi ya nyumba huku unasaini muda, mara nyingi miezi 18 ama 24, na unadaiwa muda wote huo utumie usitumie.

Mimi nilihamishwa kikazi, nyumba mpya laini ya ile kampuni haifiki, nikawaambia basi tufunge, wakaniletea bili ya kuvunja mkataba kwa miezi iliyobaki, eti kuhama ni shauri yangu. Na waungwana hao, mtu akikudai Mwembe Tayari mtaa mzima utajua, Mwingereza anakuandikia barua ya heshima, sori mbili tatu, kisha chini kiasi.

Nyumbani wakasikia wakaniambia si uache kulipa tu, watakata wenyewe. Jamani msitushauri hivyo, mnatuua. Usizime direct debit benki, yaani yale malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi. Narudia, usizime, mkataba haufungiki kwa kuzima, wanakuandika kwenye rekodi ya mikopo na doa hilo linakaa miaka 6, ukitaka hata simu ya mkataba wanaliona.

Kwa hivyo kabla ya kusaini uliza, nikitoka mapema nalipa ngapi? Chumba umepanga miezi 6, mkataba wa 24 wa nini, tafuta wa mwezi kwa mwezi hata kama ni ghali. Ukinunua kwa simu ama mtandaoni una siku 14 za kughairi.

Bei nayo. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ndio CA yao, tangu 17 Januari 2025 imezikataza kampuni kwenye mikataba mipya kuficha nyongeza nyuma ya inflesheni, lazima waandike kwa pauni na peni itapanda ngapi na lini. Wamekatazwa kuficha, hawajakatazwa kupandisha, hapo ndipo watu wanajidanganya.

Spidi, uliza ile ya chini kabisa wanayokuahidi, achana na ya kwenye tangazo. Mkataba ukikaribia kuisha watakuandikia, barua hiyo usitupe, ukinyamaza bei inaruka. Kuhamia kampuni nyingine unaongea na ile mpya tu.

Walio kwenye Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, waulize social tariff, wifi ya bei nafuu kwa watu hao, kampuni nyingi hazitakwambia zenyewe. Wenye visa ya masomo hiyo haiwahusu, msije mkaomba Universal Credit kwa ajili ya wifi mkaharibu visa.