Dengu kwenye ardhi kavu: panda kwa kufuata unyevu

Nazungumzia dengu zile zenye kincha kama mdomo wa kifaranga, si choroko. Zao hili haliishi kwa mvua inayonyesha bali kwa maji yaliyobaki ardhini, kwa hiyo hupandwa mvua zinapoisha, hasa kwenye udongo mzito mweusi unaotunza unyevu. Mzizi wake mkuu huchimba chini kuyafuata.

Kosa kubwa ni kupanda juujuu. Fukua kwanza kwa jembe, chukua udongo, ufinye kiganjani. Pale unaposhikana, ndipo mbegu ikae. Kwa kawaida ni sentimita 5 hadi 8, lakini juu kukiwa kumekauka sana, teremka hadi 10. Mbegu ni kubwa, ina nguvu ya kupenya. Nafasi ya sentimita 30 kwa 10 inatosha.

Mbolea ya yurea weka mbali, maana dengu hujitengenezea nitrojeni kwenye vinundu vya mizizi. Kama shamba halijawahi kulimwa dengu, paka mbegu bakteria wa rizobia, wale wanaounda vinundu hivyo, wa dengu hasa. Wa soya hawafai.

Maji yakituama, mimea hufa. Ugonjwa wa mnyauko nao ukishaingia hubaki ardhini miaka, basi usirudie dengu shamba lilelile kila msimu.

Maua yakitoka, kagua funza wa vitumba karibu kila siku. Hutoboa ganda na kula punje ndani.

Vuna asubuhi na mapema, maganda yakiwa bado na umande, yasipasuke. Vaa mikono mirefu: majani yana asidi, huwasha kweli.